Mnunuzi wa Ulaya Akiuliza Kuna Nini Ndani ya Bizimu

Bei mmeshapatana, sampuli imependwa, malipo ya awali yameingia benki. Ndipo inapofika barua pepe nyingine kutoka Hamburg au Rotterdam, na ndani yake jedwali la majina zaidi ya 200 ya kemikali, mengi hayatamkiki, na chini kabisa nafasi ya sahihi na mhuri. Ujumbe wenyewe ni mfupi: thibitisha kwamba hakuna hata moja kati ya hizi kwenye mikoba yako, tuendelee na oda. Wenye karakana wengi husaini siku hiyohiyo.

Wewe usisaini siku hiyo. Mwongozo huu ni wa kukuwezesha kujua unachokisaini, na kujibu kweli bila kupoteza biashara. Nimeuandika nikimfikiria anayeshona mikoba na mikanda ya ngozi Nairobi, Thika, Arusha au Dar es Salaam na kuuza Ulaya. Anayetengeneza viti, taa za mapambo au vyombo vya chuma atakuta njia ni ileile, vipande tu ndivyo vinavyobadilika.

Sheria inambana nani

Sheria inaitwa REACH, kanuni namba 1907 ya mwaka 2006 ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Juni 2007. Msimamizi wake mkuu ni wakala wa kemikali wa Ulaya, ECHA, wenye makao Helsinki. Wewe uliye nje ya Umoja haikufikii moja kwa moja. Inamfikia anayeingiza mkoba wako kule. Yeye ndiye atakayetozwa faini na kuamriwa aondoe bidhaa madukani. Lakini yeye hajui bizimu lako limeyeyushwa kwa nini na nini, kwa hiyo anakutwika wewe mzigo kupitia mkataba. Ukishasaini, ugomvi unakuwa wa ahadi uliyoitoa kwa maandishi, na fidia yake huwa imeandikwa kwenye zile kurasa za nyuma za masharti ya ununuzi ambazo watu huziruka. Zisome.

Wapo wanaodhani kwamba mkataba wa biashara kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya, ulioanza kazi tarehe 1 Julai 2024, umelegeza mambo haya. Uliondoa ushuru. Masharti ya kemikali yako palepale.

Marufuku ni kimoja, kutaja ni kingine

Jedwali la mnunuzi mara nyingi huchanganya orodha mbili, na hapa ndipo majibu mengi yanapoharibika.

Ya kwanza ni ya kemikali zilizowekewa mipaka. Zikizidi kiasi fulani kwenye kitu fulani, kitu hicho hakiuzwi Ulaya, basi. Hizo zimo kwenye kiambatisho cha 17 cha REACH. Ya pili ni ya kemikali zinazotiliwa wasiwasi mkubwa, ambazo barua itaziita SVHC. Orodha hiyo ilianza Oktoba 2008 ikiwa na majina 15. Leo yamepita 240, na kwa kawaida hurefushwa mara mbili kwa mwaka. Kuwamo kwenye orodha hiyo peke yake hakuifanyi kemikali iwe marufuku ndani ya bidhaa. Sharti ni kusema. Kifungu cha 33 kinamtaka anayeuza kitu chenye kemikali hiyo kwa zaidi ya asilimia 0.1 ya uzito ampe mnunuzi wake maelezo ya kutosha kukitumia kwa usalama, na walau ataje jina la kemikali yenyewe. Mtumiaji wa kawaida akiuliza, ajibiwe bure ndani ya siku 45.

Kwa hiyo kwenye orodha ya pili, “ndiyo, ipo” ni jibu halali, na kisheria halizuii mauzo. Hatari iko kwenye “hapana” ya kubahatisha, kisha maabara ya mnunuzi ikaona vingine. Kuna kemikali zilizomo kwenye orodha zote mbili, na risasi ni mojawapo, kwa hiyo kila jina liulizie maswali mawili: je, limezidi mpaka? Je, linahitaji kutajwa?

Asilimia 0.1 ya nini?

Hapa tukae kidogo, maana hesabu hii ndiyo inayowanasa hata wanunuzi wenyewe.

Chukua mkoba wenye uzito wa gramu 800. Bizimu lake ni la shaba ya manjano, lina gramu 20, na ndani yake mna risasi asilimia 2. Hiyo ni risasi gramu 0.4. Ukiigawanya kwa uzito wa mkoba mzima unapata asilimia 0.05, chini ya kiwango, na unaweza kunyamaza. Ukiigawanya kwa uzito wa bizimu unapata asilimia 2, yaani mara 20 ya kiwango, na huna ruhusa ya kunyamaza.

Ubishi huu ulifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya kule Luxembourg, baada ya vyama vya wafanyabiashara wa Ufaransa kushindania tafsiri na wizara ya nchi yao. Tarehe 10 Septemba 2015 mahakama ikaamua kwamba kitu kilichokwisha kutengenezwa hakipotezi hadhi yake kwa kuunganishwa na vingine. Bizimu ni bizimu hata likishashonwa mkobani, na linapimwa peke yake. Risasi iliingia kwenye orodha ya SVHC Juni 2018, kwa hiyo mwenye mkoba huu anapaswa kuandika “ndiyo”, ataje risasi, na aseme imo kwenye bizimu.

Ukiuza taa au kitu chochote cha umeme, ongeza sheria nyingine, RoHS. Inagusa kemikali 10 tu, kiwango ni asilimia 0.1, ila kadimiamu ni 0.01. Huko hesabu inashuka chini zaidi ya kipande: inapigwa kwa kila mata moja isiyotenganika, kama vile ganda la waya peke yake au lehemu peke yake.

Uvunje mkoba

Kabla hujamuuliza mtu yeyote, chukua mkoba mmoja uufumue mezani. Kila kipande kipe mstari wake kwenye daftari au jedwali: ngozi ya nje, bitana, uzi, gundi, zipu, kivutio cha zipu, bizimu, ribiti, sumaku ya kufungia, rangi ya ukingo, lebo. Pima kila kimoja kwenye mizani ya gramu. Andika kimetengenezwa kwa nini, ulikinunua kwa nani, lini, na kwa risiti gani. Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote, na ukishaifanya kwa mkoba mmoja, mikoba mingine 10 inayotumia vipande vilevile inajazwa kwa nusu saa.

Zipu ihesabu vizuri. Meno, utepe na kivutio ni mata tofauti, na rangi ya kivutio ni jambo jingine tena.

Sasa weka alama mahali palipo na hatari. Usiugawe wasiwasi wako sawasawa kwa mistari yote. Uzi mweupe wa poliesta hautakukosesha usingizi. Vya kutazamwa ni hivi.

Metali kwanza. Shaba ya manjano inayochongwa kwa mashine hutiwa risasi makusudi, mara nyingi asilimia 2 hadi 3, ili ikatike vizuri. Kwa hiyo bizimu la shaba la kuchongwa lihesabu kuwa lina risasi mpaka karatasi au kipimo kiseme vingine. Mabizimu mengi ya sokoni ni ya aloi ya zinki iliyopakwa rangi ya shaba tu, na hayo yana swali jingine, la nikeli iliyo chini ya rangi. Kitu kinachogusa ngozi ya mtu kwa muda mrefu, kama bizimu la mkanda wa kiunoni, hakiruhusiwi kuachia zaidi ya mikrogramu 0.5 za nikeli kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki. Kivutio kidogo cha zipu ambacho mtoto anaweza kukitia kinywani kina mpaka wa risasi: asilimia 0.05 kwa jumla, na 0.5 kikiwa cha shaba ya manjano. Vito hali yake ni ngumu zaidi, mpaka ni 0.05 na shaba haina nafuu. Mafundi wa Nairobi wanaoyeyusha mabomba na kufuli kuukuu kutengeneza bangili walijue hili kabla ya kutafuta mteja Paris, kwa kuwa shaba ya bomba la zamani haina sababu yoyote ya kuwa chini ya kiwango hicho.

Ngozi ndiyo ya pili, na ndiyo yenye ujanja. Sehemu kubwa ya ngozi za viwandani hutengenezwa kwa chumvi ya kromiamu ya aina ya tatu, ambayo yenyewe haina shida. Tatizo ni kwamba kiwanda kikikosea kwenye hatua za mwisho, au kikatumia mafuta yasiyofaa, au ngozi ikakaa kwenye joto na hewa kavu, sehemu ya kromiamu hiyo hugeuka kuwa kromiamu sita, inayosababisha mzio wa ngozi. Tangu tarehe 1 Mei 2015, ngozi inayogusa mwili hairuhusiwi kuwa na zaidi ya miligramu 3 kwa kilo. Maana yake ngozi inaweza kufaulu kipimo Januari na kufeli Juni ikiwa imekaa stoo ya mabati. Usiianike juani, na usiache mzigo uliofungwa ukae wiki kadhaa kwenye kontena uwanjani. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miwati, miti iliyopandwa kwa wingi Njombe, haitumii kromiamu, na kama mnunuzi wako anapenda rangi ya kahawia ya asili, hapo umejipunguzia swali zima.

Rangi za ngozi na kitambaa nazo zina lake: kuna rangi za azo zinazovunjika na kutoa kemikali za saratani, mpaka wake ni miligramu 30 kwa kilo. Muulize mwenye rangi jina kamili la rangi na namba yake. “Nyeusi ya Mjerumani” si jina.

La mwisho ni plastiki laini. Bitana ya PVC, dirisha la kitambulisho, mirija ya kuimarishia mshikio: vyote hulainishwa kwa mafuta ya kemikali, na manne kati ya hayo, yakiwamo DEHP, tangu Julai 2020 hayaruhusiwi kuzidi jumla ya asilimia 0.1 kwenye plastiki ya bidhaa nyingi za watumiaji. PVC ya bei rahisi inaweza kuwa na asilimia 20 au zaidi. Ushauri wangu ni mfupi: kwenye mkoba wa kwenda Ulaya, PVC iache.

Na ukipulizia ngozi dawa ya kuzuia maji, jua kwamba kuanzia Oktoba 2026 masharti mapya ya baadhi ya kemikali za florini yanashika nguo na ngozi. Mwambie anayekuuzia dawa hiyo akuonyeshe maandishi.

Kumuuliza anayekuuzia

Ukienda Kariakoo au Kirinyaga Road ukamuuliza mwenye duka la vifaa, “Kaka, hivi mabizimu haya yako salama?” atakujibu yako salama, tena ya kisasa, chukua hata gunia. Hajakudanganya, umemuuliza swali ambalo halina jibu lingine. Uliza yanayojibika. Kiwanda kilichotengeneza ni kipi, nambari ya bidhaa ni ipi, aloi gani, mzigo uliingia lini, na je, aliyeuleta ana karatasi ya vipimo? Mara nyingi mwenye duka hana, lakini anamjua aliyefungua kontena, na huyo ana mawasiliano ya kiwanda Guangzhou au Yiwu. Viwanda vingi vya huko vinavyouza Ulaya vimeshazoea swali hili na hutuma faili siku hiyohiyo. Kiwanda kikikaa kimya baada ya kuulizwa mara mbili, kimekujibu.

Barua yako iwe hivi, kwa lugha yoyote mnayoelewana:

“Tunanunua kwenu bizimu la nambari fulani, rangi ya shaba iliyozeeka. Tafadhali tuandikieni: (1) aloi yake na asilimia ya risasi, kadimiamu na nikeli, (2) kama mna SVHC yoyote inayozidi asilimia 0.1 ya uzito wa kipande, itajeni kwa jina na namba yake ya CAS, na kwa orodha ya ECHA ya tarehe gani, (3) ripoti ya maabara yenye picha ya kipande hiki. Tujulisheni pia kabla ya kubadilisha mata au kiwanda.”

Namba ya CAS ni kitambulisho cha kemikali duniani kote. Risasi ni 7439-92-1, DEHP ni 117-81-7. Majina hubadilika kutoka lugha moja hadi nyingine na kutoka duka moja hadi jingine. Namba haibadiliki, kwa hiyo ishike namba.

Karatasi ikija, isome kwa jicho la karani wa forodha. Je, nambari ya bidhaa ni ileile? Picha ni ya bizimu lako au la binamu yake? Tarehe ya orodha ni ya mwaka huu, au ni ya wakati orodha ilipokuwa na majina 150? Ripoti ya maabara inasema nini kilichopimwa: metali ya ndani, au rangi ya juu tu? Nimeona ripoti safi kabisa ambazo zilipima mfuko wa nailoni uliobeba sampuli.

Makampuni makubwa nayo yamewahi kuumia kwa kipande kidogo cha mtu mwingine. Mwishoni mwa 2001 maofisa wa Uholanzi walizuia mashine za michezo za PlayStation zipatazo milioni 1.3, kabla tu ya Krismasi, kwa sababu ya kadimiamu kwenye nyaya zake. Baada ya hapo Sony ikajenga utaratibu wa kukagua wagavi wake mmoja mmoja. Wewe huna jeshi la wakaguzi, lakini una vipande 11 tu.

Kupima: wapi, na nini

Huwezi kupima kila kitu kwa kila kemikali. Gharama ingeumeza mkoba. Pima pale karatasi inapokosekana na hatari ipo. Kwa bizimu, bunduki ya eksirei inayotumiwa na wanunuzi wa vyuma chakavu na maabara husoma risasi, kadimiamu na nikeli kwa sekunde chache. Ila jua mipaka yake: inaona kromiamu yote kwa jumla bila kutenga ya tatu na ya sita, haioni DEHP kabisa, na kwenye kitu kilichopakwa rangi huchanganya ganda na kiini. Kwaruza kipande kabla ya kupimisha.

Kwa ngozi, agiza kipimo cha kromiamu sita cha ISO 17075, na uombe kifanyike pia baada ya ngozi kuzeeshwa kwa joto, ili ujue itakavyokuwa ikifika. Kenya kuna maabara za KEBS na kitengo cha ngozi cha KIRDI. Tanzania kuna TBS. Na makampuni ya ukaguzi kama SGS, Intertek na Bureau Veritas yana ofisi Afrika Mashariki hata kama sampuli hupelekwa nje. Uliza kabla ya kulipa kama maabara ina ithibati ya ISO/IEC 17025 kwa kipimo hichohicho unachokitaka. Ithibati ya kupima maji haisaidii ngozi. Na muulize mnunuzi ni maabara ipi anaiamini. Wakati mwingine atachangia gharama.

Kuandika tamko lenyewe

Sasa rudi kwenye jedwali la mnunuzi. Ukiweza, usijaze “hapana” 240. Andika tamko lako kwa karatasi ya karakana yako, likitaja mkoba kwa nambari yake, tarehe ya orodha ya ECHA uliyoitumia, na matokeo ya kila kipande. Mfano:

“Mkoba namba M-14. Kwa kutegemea maelezo ya wagavi wetu na ripoti za maabara zilizoambatishwa, na kwa orodha ya ECHA ya tarehe iliyoandikwa hapo juu: bizimu la shaba (gramu 20) lina risasi, CAS 7439-92-1, kati ya asilimia 1.5 na 2.5 ya uzito wa bizimu. Vipande vingine havina SVHC inayozidi asilimia 0.1 kwa kadiri tulivyoarifiwa. Kwa sumaku ya kufungia bado tunasubiri jibu la mgavi.”

Maneno “kwa kutegemea maelezo ya wagavi wetu” ni ya muhimu, na mwanasheria wa upande wa pili anaweza kutaka yafutwe. Yatetee. Sentensi ya mwisho nayo usiione haya. Mnunuzi makini anapendelea pengo lililotajwa kuliko ukurasa uliojaa “hapana” za kubahatisha. Akikuomba namba ya SCIP, hiyo si yako kuitafuta: tangu tarehe 5 Januari 2021 yeye ndiye anayepaswa kuingiza taarifa kwenye hifadhidata hiyo ya ECHA, ila ataihitaji hesabu yako ya kipande, kemikali na kiasi ili aijaze.

Usisahau boksi. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku dawa ya kuzuia ukungu iitwayo dimethili fumarati baada ya watu wa nchi kadhaa kuwashwa na kuungua ngozi kwa sababu ya masofa na viatu. Mara nyingi dawa ilikuwa kwenye vipakiti vidogo vilivyotiwa ndani ili mzigo usiote ukungu baharini. Kipakiti chako cha kukausha unyevu kiwe cha silika tupu, na ujue kimetoka wapi.

Tamko likishatumwa, likae kwenye faili moja na risiti, ripoti na bizimu moja la mzigo uleule ndani ya bahasha yenye tarehe. REACH inawataka walioko Ulaya watunze taarifa kwa miaka 10. Nawe fanya hivyohivyo. Orodha ikiongezwa, pitia vipande vyako upya. Na siku mwenye duka atakapokwambia yale mabizimu ya zamani yameisha ila haya mapya ni yaleyale, tamko la zamani halifai tena kwa mkoba huo mpaka barua yako ya maswali ijibiwe upya.